Buti za Kaka Mwenye Mguu Mpana

Hapana, na nitarudia mpaka koo likauke: buti la kupandia mlima halinunuliwi kwa namba. We unaniambia, "Mimi navaa tisa, nipe tisa, maneno ya nini." Tisa ya mguu gani? Mguu uliokaa kwenye benchi unapunga upepo, au mguu uliobeba mtu mzima na mzigo wake unashuka kwenye jiwe? Hiyo ni miguu miwili tofauti hata kama mwenyewe ni mmoja. Na mwenzako hapo anacheka, eti wazee waliwinda peku na nyati wakaanguka. Sawa. Hiyo miguu ya wazee aliiona lini? Mimi nimeiona, maana kazi yangu ni miguu. Babu yangu alikufa ana kucha mbili. Nane zilibaki mlimani.

Viatu sikusomea. Niliishia darasa la saba, nikaja Mpanda mjini kutafuta mtu wa kunifundisha kazi yoyote, sikumpata, basi nikajifundisha mwenyewe. Nilinunua shazia, ile sindano nene ya fundi viatu, nikawa nafumua viatu vyangu na kuvishona tena mpaka vikafanana na viatu. Halafu nikahamia vya watu. Vingine viliondoka vibaya kuliko vilivyokuja, najua, wenyewe wapo mtaani kwangu Makanyagio na hawajanyamaza. Lakini mwaka ninaousema, katikati ya hii miaka ya tisini, nilikuwa na kibanda changu cha bati kando ya barabara, na nilikuwa nakujua kwa soli yako kabla sijainua macho. Huyu anakanyagia upande wa nje. Huyu anaburuza kisigino. Huyu anatembea kwa hasira, kama mimi.

Siku hiyo utingo wa lori la dagaa akasimama mbele ya benchi langu, ameshika tete moja la ziwani, refu kama mkono toka kiwiko hadi kiganja.

"Fundi, mzigo wako kutoka Kapalamsenga."

"Mzigo gani, hilo tete?"

"Nimeambiwa nisilivunje. Toka asubuhi nimelibeba kama mtoto. Chukua, na barua yako."

Barua ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, baba mmoja mama mmoja, aliyebaki nyumbani kule ziwani. Kaka haandiki sana. Aliandika hivi: Mama mzima. Bwana kambi mwaka huu ni mpya na amekataza katambuga. Buti za kambi nimejaribu zote, zimenikataa. Ijumaa ya wiki ijayo gari lao linapita hapa kuchukua watu. Nisipokuwa na buti za kutembea nazo mlimani, nafasi yangu anapewa mwingine. Mguu wangu ni huo tete. Usilete za maringo, lete zinazonitosha.

Ngoja nieleze, maana wengine hapa ni wageni. Kaka ni mtu wa nyayo. Kila kiangazi kambi ya uwindaji inapofunguliwa kule nyuma ya milima, anachukuliwa kwenda kuwatangulia wawindaji wanaotoka Ulaya na leseni zao. Anaangalia jani limelala vipi, anakwambia pofu, yule mnyama mkubwa kama ng'ombe, alipita hapa asubuhi, dume, na mguu wa kushoto wa nyuma unamuuma. Wazungu wanadhani anawatania mpaka wamkute huyo pofu. Hiyo kazi aliifanya misimu mitano akiwa na katambuga, zile sandali za tairi la gari. Mwaka uliotangulia mwenzake mmoja alichomwa na kisiki, kikapenya tairi na unyayo, wakambeba siku mbili kumtoa mlimani. Ndiyo bwana kambi mpya akasema basi, mwenye katambuga hapandi.

Na kaka bila kazi ile, sijui. Miezi mingine anavua samaki, na anavua vibaya. Kijiji kizima kinajua. Akirudi na mtumbwi watu wanamsaidia kuusukuma kwa huruma. Lakini mpe mlima, anakuwa mtu mwingine, hata mgongo unanyooka. Kwa hiyo niliposoma "anapewa mwingine" damu ilinipanda, nikamfokea utingo wa watu.

"We unanifokea mimi nimefanyaje?" akasema.

"Umesimama kwenye mwanga wangu."

Kwetu kiatu kinaagizwa namna hiyo. Unakata kijiti sawa na unyayo wako, unampa anayekwenda mjini, na mtu wa mjini anakitumbukiza ndani ya kiatu. Kikiingia na kulala vizuri, kiatu chako ni hicho. Wa ziwani wanatumia tete, wakulima wa Kakese wanatumia bua la mtama. Mama yangu viatu vyake vya harusi vilikuja kwa kijiti. Sijawahi kusikia mtu akikibishia, na mimi fundi, mimi nijuaye kila kitu, sikukibishia.

Nikaanza kutafuta. Madukani kulikuwa na gambuti za mpira, za mvua. Mwindaji akizivaa saa mbili mguu umeiva kama kiazi, na zinapiga kelele plapla kila anapokanyaga, nyati atahama mkoa. Kulikuwa na viatu vya ngozi vya ofisini. Kulikuwa na raba. Nikachomeka tete kila mahali, likatokeza nje kama mkia. Muuzaji mmoja akaniuliza kama namnunulia mtu viatu au namnunulia jahazi. Tukagombana, nikatolewa dukani.

Jumamosi mama wa mitumba akafungua robota jipya la viatu pale sokoni. Robota likikatwa kamba hakuna salamu, ni mikono tu. Mimi nilikuwa mbele tangu kunakucha. Viatu vikamwagika, na katikati nikaona buti moja la kulia, la kijeshi la nchi za watu, ngozi nene ya kahawia, soli yenye meno, ulimi umeshonewa pembeni ili mchanga usiingie. Nikalitumbukiza tete. Likalala, na mbele ikabaki nafasi ya kidole gumba. Nilitaka kulia. Nikaanza kutafuta la kushoto, nikafukua mpaka chini, halipo. Kuinua macho, limeshikwa na mkulima mmoja wa Kakese, mzee wa makamo, amelikumbatia.

"Shikamoo mzee. Hilo mwenzake ninalo."

"Marahaba. Basi lete, maana mwenzake ninalo mimi."

"Mimi nimeliona kwanza."

"Umeliona la kulia. La kushoto nimeliona mimi."

"Sasa itakuwaje? We utalima na moja, na kaka yangu apande mlima na moja?"

Watu wakaanza kucheka, mama wa mitumba akasema tukikata hata uzi tutamlipa. Nikamwambia mzee avae. Avae tu, tuone. Akavaa, akapiga hatua tatu, mguu ukatoka na buti likabaki limesimama peke yake nyuma yake. Soko lote likamwona. Yule mzee alikuwa mtu wa haki; akalitazama buti, akatazama mguu wake mdogo, akasema, "Hili halinitaki." Nikamwahidi kumshonea viatu vyake vya kanisani bure, na nilishona. Bei ya mama wa mitumba niliikubali bila kubishana, akashtuka akaniuliza kama naumwa.

Jumapili nzima nilikuwa juu ya buti zile. Nikashona upya mshono wa soli, nikatoa msumari mmoja uliokuwa unachungulia ndani, nikazisugua mpaka zikang'aa ingawa mwenyewe alisema hataki maringo. Jumatatu nikapanda lori la dagaa likirudi tupu, nikakaa juu ya matenga, buti zimening'inia shingoni. Kutwa nzima vumbi. Kila kijiji tulichopita nilimwonyesha mtu buti za kaka yangu, hata asiyeuliza.

Tulifika Kapalamsenga jua likiwa bado juu ya ziwa. Kaka alikuwa anatengeneza nyavu, vibaya. Mama alikuwa anaanua muhogo. Majirani wakaja, na mmoja wao ni kijana aliyekuwa akiingojea nafasi ya kaka. Yeye buti zake zilishakuja kwa meli kutoka Kigoma, mpya, aliagiza kwa namba. Nilipomwona nikapandisha sauti.

"Kaka, vaa. Vaa watu waone."

Kaka akanawa miguu, akafuta, akaingiza mguu wa kulia. Ukaingia nusu ukasimama. Akasukuma. Akasimama wima akasukuma kwa uzito wake wote, ukaingia, na uso wake ukabadilika.

"Zinatosha?" nikauliza.

"Urefu zinatosha," akasema polepole.

"Sasa?"

"Pembeni zinanikamata kama mtego."

Yule jirani akasema, "Fundi wa mjini amemletea kaka yake mitumbwi, kumbe mitumbwi yenyewe myembamba." Nikamfuata. Kaka akanishika shati kwa nyuma, kwa mkono mmoja tu, kama unavyoshika mbuzi.

"Kaa chini," akaniambia. "Huyo hajaniumiza. Buti ndilo limeniumiza."

Nikakaa. Nikamvua lile buti, na nikawa nimeushika mguu wa kaka yangu mikononi. Nisikilize vizuri hapa. Nilikuwa nimeshika miguu ya nusu ya Makanyagio. Ya kaka yangu nilikuwa sijaishika hata siku moja, kwa sababu hakuwahi kuwa na kiatu cha kuniletea. Mguu wa mtu aliyetembea peku tangu utotoni si mguu wa picha. Nyuma mwembamba, mbele umefunguka kama pepeo, kidole kidogo kimesimama mbali kinajitegemea. Nikamwambia asimame juu ya mchanga wenye unyevu, kisha akae, kisha asimame tena. Alama ya kusimama ilikuwa imeizidi ya kukaa kwa kidole changu kizima cha upana.

"Tete ulikata umekaa au umesimama?"

"Nimekaa. Ukingoni mwa mtumbwi. Utalikataje umesimama?"

Unaona? Tete linajua urefu. Halijui upana, na halijui uzito. Mababu wote hao wameagiza viatu kwa vijiti, na kila mtu kijijini alikuwa anatembea akichechemea kwenda kanisani, na tulikuwa tunadhani ndivyo viatu vilivyo.

Zilibaki siku tatu. Nilikuwa tayari kuchana ngozi pembeni nitie kiraka, lakini buti lililochanwa mlimani linaingiza maji na miiba, nilijua. Mama ndiye aliyesema, bila kuacha muhogo wake:

"Mwaka ule maharage yangu ya mbegu yaliingia maji ndani ya chupa. Chupa ikapasuka."

Nikamtazama. "Mama, unayo maharage?"

"Ninayo ya mbegu."

"Nipe."

"Nikupe mbegu uzitie ndani ya kiatu?"

"Kiatu cha mwanao."

"Wote wanangu, na wote mnanimaliza," akasema, lakini akaingia ndani akaleta.

Nililowesha ngozi kwanza, ziwani, mpaka ikalegea. Kisha nikazifunga buti kamba kwa urefu, kutoka kisigino hadi pua, nikakaza kwelikweli, maana urefu ulikuwa tayari, sikutaka urefuke. Nikajaza maharage sehemu ya mbele, nikashindilia, nikatia maji, nikaziba kwa matambara. Jumanne kutwa nilikuwa nazizunguka kama kuku anayetaga. Maharage yanavimba taratibu, huyaoni, ila ukiweka sikio unasikia ngozi inalia kidogokidogo. Kijiji kilikuja kusikiliza. Yule jirani naye alikuja, akauliza chumvi itatiwa saa ngapi. Safari hii hata mimi nilicheka.

Jumatano asubuhi nikayatoa. Mbele kulikuwa kumepanuka. Mahali pa kile kidole kinachojitegemea nikapapiga kwa ndani kwa kichwa cha mchi wa kinu, taratibu, nikitoa kijumba kidogo kwa nje. Kaka akavaa juu ya soksi mbili. Akasimama. Akahamisha uzito mguu huu, akahamisha mguu ule.

"Sema basi," nikamwambia.

"Vidole vinacheza," akasema.

Lakini vidole kucheza uwanjani kwa mama si kitu. Nikamwambia azivae hivyohivyo zikiwa na maji, zimkaukie mguuni, tupande mlima. Mimi nilivaa raba zangu. Kupanda kulikuwa kuzuri. Kaka alikuwa mbele, anaongea kuliko alivyowahi kuongea mwaka mzima, ananionyesha njia ya ngiri, mti uliokwaruzwa na chui, pango ambalo babu alikuwa akihifadhi nta. Juu kabisa tulikaa tukala ugali wa muhogo uliopoa na samaki wa mgebuka wa kukaanga, ziwa lote liko chini limetulia, na Kongo ng'ambo kama wingu. Nilijisikia vizuri mpaka nikaogopa.

Kushuka ndiko kunakopima kiatu. Hatua ishirini tu, kaka akasimama.

"Vidole vinagonga mbele."

"Vilikuwa vinacheza."

"Sasa vinagonga. Mguu wote unateleza kwenda mbele."

Pale nilitukana buti, nikatukana nchi ilikotoka, nikatukana na mlima. Kaka akakaa kwenye jiwe akangoja nimalize, kama anavyongoja mvua. Nilipoishiwa, nikapiga magoti nikatazama. Kisigino chake chembamba kilikuwa kinanyanyuka ndani. Mbele tumepanua sawa, ila nyuma mguu haujashikwa. Nikafumua kamba, nikamwambia apige kisigino chini mara tatu kiketi nyuma kabisa, nikalegeza kamba za juu ya vidole, halafu kwenye kiwiko cha mguu, pale mguu unapokunjika, nikazungusha kamba mara mbili nikakaza kabla ya kuendelea juu. Hakuna aliyenifundisha. Nilijaribu namna nne mlimani pale, ya nne ikashika. Akashuka hatua ishirini, hamsini, akaanza kushuka kwa mbio, na mimi na raba zangu nikabaki juu namwita anisubiri.

Alhamisi tulizipaka nta iliyoyeyushwa na mafuta ya mawese, tukapanda tena na tukashuka tena. Kisigino cha kulia kilikuwa na wekundu kidogo. Nikakata kipande cha soksi nikakishona ndani. Basi.

Ijumaa gari la kambi likaja. Bwana kambi alikuwa mtu wa Arusha, mfupi, mpole wa sauti, kitu kilichoniudhi kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kugombana. Nafasi ya mtu wa nyayo ilikuwa moja. Akawatazama kaka na yule jirani, wote na buti zao. Za jirani zilikuwa nzuri, lazima niseme. Hakusema chochote kuhusu uzuri. Akawatwisha kila mmoja begi, akawaambia wapande mpaka kwenye ule mwamba mweupe warudi. Ni mwendo wa saa nzima. Mimi nilikunywa chai ya mama vikombe vinne, sikuonja hata kimoja.

Walirudi pamoja, bega kwa bega. Nikafikiri tumekwisha. Bwana kambi akasema kwa sauti yake ndogo, "Vueni niwaone."

Kaka akavua. Miguu yake ilikuwa mikavu, mizima, ina mistari ya soksi tu. Jirani akachelewa kuvua. Alipovua, soksi ilikuwa imegandana na kisigino kwa damu, na kidole kikubwa kimeanza kuwa cheusi. Alikuwa ameshuka mlima wote namna hiyo bila kutoa sauti, na hapo nilimheshimu kidogo, sitaki kusema uongo.

"Wewe panda gari," bwana kambi akamwambia kaka. Kwa jirani akasema, "Wewe utakaa kambini uteke maji mpaka upone. Ukipona tutaona."

Nilitaka kupiga kelele kijiji kizima kisikie. Nilishafungua mdomo. Kaka akaniita kutoka nyuma ya gari.

"Mdogo wangu. Mtengenezee na huyu kabla hatujaondoka."

"Huyu? Huyu wa mitumbwi?"

"Huyu tutakuwa naye miezi mitatu. Atatembea nyuma yangu. Akianguka nitambeba mimi, hutambeba wewe."

Nikamtazama kaka, nikamtazama jirani, nikakaa chini mchangani mbele ya mtu niliyetaka kumpiga Jumatatu. "Simama," nikamwambia. "Usikae. Simama na uzito wako wote." Nikaushika mguu wake, nikaupima kwa viganja, urefu na upana, nikamlegezea kamba mbele, nikamfunga kwenye kiwiko cha mguu kama nilivyomfunga kaka. Akapiga hatua. Akasema, "Aa," basi, neno moja, na kutoka kwake lilikuwa hotuba.

Gari likaondoka. Kaka alikaa nyuma kabisa, buti zake zimening'inia nje ya bodi makusudi ili nizione. Msimu ulipoisha alirudi mnene kidogo, na kucha kumi. Mama akazihesabu. Nikampa pole ya safari, akaniambia hana cha kupewa pole, alitembea kama mtu aliye kwao.

Tangu siku hiyo ukija kwangu Makanyagio huketi mpaka nimekupima umesimama, hata uwe mkubwa wa ofisi gani. Watu wananinunia, wanasema nina maneno. Ninayo. Lakini niambie wewe unayesikiliza umekunja nne hapo: mguu wa ndugu yako wa tumbo moja umewahi kuushika, au na wewe unangoja ukatiwe tete?